Jibu: Prosesa ya kompyuta yangu niliyoiongezea kasi inafika nyuzi 96, niongeze feni ngapi?

Ndugu yangu wa Lindi, usinunue feni bado. Kwanza rudisha kasi ya kiwandani, kisha pima tena ukicheza gemu lilelile. Joto likibaki juu, shuku pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) iliyokauka, au kipoozeo kisichokaa sawasawa. Futa pesti kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa njegere, kaza skrubu kwa kupishana.

Joto likishuka baada ya kurudisha kasi ya kiwandani, mkosaji mara nyingi ni voltiji, yaani msukumo wa umeme uliopandishwa pamoja na kasi. Hapa ndipo wengi tunaoanza huumia! Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa voltiji, hivyo kwa kasi ileile, ukishuka kutoka volti 1.35 hadi 1.25 unapunguza joto linalozalishwa kwa karibu asilimia 14. Shusha voltiji kidogo kidogo, ukijaribu kila hatua kama mashine haigandi.

Halafu kumbuka, feni haipoozi chini ya joto la chumba, na vyumba vyetu vya pwani unavijua. Mimi niko Shangani, Mtwara. Unyevu wa bahari hugandisha vumbi kwenye mapezi ya kipoozeo. Nasafisha kila mwezi kwa brashi laini, feni nikiishika isizunguke. Yako uliisafisha lini?