Kijiti cha gutapecha nacho kinahitaji dakika yake

"Shikamoo Dokta. Boksi la vijiti vya gutapecha vya kuzibia mzizi wa jino ni jipya, limefungwa na kiwanda. Kuna haja gani ya kuviloweka tena kwenye klorini?"

Marahaba, mwanangu. Wewe umeuliza kwa adabu. Kwenye kliniki niliyoanzia kazi, mkubwa wangu alinifokea huku mgonjwa kapanua mdomo: "Acha mbwembwe, foleni ndefu!" Mbwembwe zenyewe zilikuwa kijiti kimoja kwenye kikombe cha klorini. Maneno yale yananichoma hadi leo. Lakini sikuacha, na madaktari vijana waliopita mikononi mwangu hawaachi.

Vijiti vya boksi lililofungwa mara nyingi ni safi. Tatizo ni mkono wako. Itazame glovu: imesogeza taa, imevuta droo, imeshika shavu la mgonjwa. Halafu vidole hivyohivyo vinachomoa kijiti, vinakipima kwenye rula, vinakirudisha na kuchomoa kingine. Umehangaika kuusafisha mzizi, umelifunika jino kwa mpira mate yasiingie, kisha mwishoni unawaingiza wadudu mwenyewe!

Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, haifai. Gutapecha ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwenye vijiti vyetu umechanganywa na oksaidi ya zinki. Kwa joto lile kijiti kinaharibika umbo. Kwa hiyo tunarudi kwenye klorini. Klorini hiyo, yaani haipokloraiti ya sodiamu, ikiwa ya asilimia 5.25 inaua hata spora, zile mbegu sugu za bakteria, kwa dakika moja, jambo lililoonyeshwa na watafiti tangu 1975. Klorini ya kufulia huwa hafifu zaidi, nyingine asilimia 3.5 tu, basi soma lebo, na ikiwa hafifu ongeza muda. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 inaua bakteria wa kawaida, ila spora zinaishinda.

Mimi nafanya hivi. Kijiti kikishajaribiwa ndani ya jino na eksirei ikaonyesha kimefika, nakitoa na kukizamisha chote. Sikiachi kikauke na klorini yake, maana chembe za chumvi hubaki juu na kuiharibia mshiko saruji ya kuzibia mzizi. Nakisuuza kwa spiriti, nakikausha kwa shashi isiyo na vijidudu, ndipo naziba. Vile vijiti vyembamba vinavyoongezwa pembeni ya kile kikubwa navyo vizamishwe; wengi huloweka kikubwa wakavisahau hivyo.

Mwenye kliniki akikuhimiza foleni, mwonyeshe kwamba dakika hiyo hiyo unakausha mzizi kwa vijiti vya karatasi. Hakuna muda uliopotea. Usikubali kufundishwa uvivu na mtu kwa sababu tu amekutangulia kazini. Mgonjwa amelipa, amelala pale, na haoni unachomtia ndani ya jino.

Msaidizi wako naye mzoeshe: klorini ya kikombeni imwagwe kila baada ya mgonjwa, na chupa kubwa ikae mbali na jua na joto, maana vyote viwili vinaipunguza nguvu.