Swichi imezimwa, betri imekufa

SWALI: Nina boti ya fiba ya futi 19, mashine ya hospawa 60, inalala nangani katika hori ya Kilifi. Huenda kuvua wikendi moja, ya pili napumzika. Kila nikirudi, mashine inalia "tak-tak" tu, haiwaki, ingawa swichi kuu huizima bila kukosa. Nimeshanunua betri mbili ndani ya miezi 14. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Tafadhali usinunue ya tatu kwanza. Betri nzima iliyojaa haiishi kwa wiki mbili za kukaa bure, hata kwa joto la pwani. Kuna kinachokula umeme swichi ikiwa imezimwa, na cha kwanza kukikagua ni pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ya boti. Kwa kawaida waya wake haupiti kwenye swichi kuu, umeungwa moja kwa moja kwenye betri, makusudi, ili maji ya mvua yasizamishe boti wewe ukiwa nyumbani. Kwa hiyo usiikate. Ikague.

Inua kwa kidole boya la swichi ya pampu, lile linaloinuliwa na maji na kuiwasha, kisha liachie. Linapaswa kuanguka lenyewe na pampu inyamaze. Kipande cha mshipi au jani la mwani likikwama chini yake, pampu inazunguka usiku na mchana bila maji. Pampu inayovuta ampea 2.5 inakula ampea-saa 60 kwa siku, yaani betri ya ampea-saa 80 inakauka kwa siku moja na theluthi hivi.

Kisha angalia maungio ya waya mle ngamani. Menya kidogo utepe: shaba ikiwa nyeusi, au imegeuka unga wa kijani, maji ya chumvi yameingia na umeme unavuja polepole. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, unga upya kwa waya uliopakwa bati, na ungio lenyewe lipandishe juu, maji yasipofika.

Ili upate uhakika, zima kila kitu, fungua waya wa hasi, uweke multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye tundu la ampea 10, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usiguse stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ikisoma 0.02 au chini, hakuna shida. Ikisoma 0.05 inaonekana kidogo, lakini zidisha kwa saa 24 na siku 14: ni karibu ampea-saa 17. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na mwizi umempata. Mara nyingi ni redio ya muziki inayotunza kumbukumbu zake.

Betri zako mbili huenda hazikuwa mbovu. Zimeuawa na kukaa tupu. Betri ya asidi ikiachwa chini ya nusu kwa wiki kadhaa, salfeti inagandia kwenye sahani na chaji haiingii tena sawasawa. Pima baada ya betri kupumzika saa chache: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Mashine ikizunguka kwa kasi ya wastani unapaswa kuona 13.8 hadi 14.5, ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi, mwite fundi akague rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri. Ujue pia kwamba ukiburura mishipi kwa mwendo wa pole siku nzima, mashine inachaji kidogo sana.

Sola ya wati 20 yenye kontrola (kizuizi cha kuchaji kupita kiasi), na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, inatosha kufidia mvujo mdogo. Lakini sola hiyo haitaiweza pampu iliyokwama.

SWALI: Maji ya betri yamepungua. Naweza kuongeza ya kisima?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Hapana, visima vingi vya pwani vina chumvi. Tumia maji yaliyotoneshwa tu, wala usiongeze asidi. Sahani zikiwa wazi, zifunike kidogo tu, chaji, ndipo ujaze hadi chini ya mdomo wa tundu. Ukiona kutu ya kijani vichwani, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Hakikisha vifuniko vimekazwa, osha kwa kijiko kimoja cha bikabonati ya soda katika kikombe cha maji, suuza, kausha. Rudisha chanya, hasi iwe ya mwisho, halafu paka vaselini.