Rangi ilikuwepo kitambo

Kuna wanaosema filamu noir, zile za uhalifu za Hollywood zenye giza na vivuli kibao, zilikuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu rangi ilikuwa haijagunduliwa. Hapana aisee, Gone with the Wind ya 1939 ina rangi mwanzo mwisho na hizo noir zinazosifiwa nyingi ni za miaka ya 40 na 50. Ishu ya kwanza ilikuwa hela, Technicolor, ule mfumo wa kushuti filamu za rangi, ilitaka kamera zake maalumu za kukodi na mataa makali kibao, na hizi stori za wapelelezi na wanawake wenye njama, nyingi zilipewa bajeti ya kawaida tu au ndogo kabisa. Halafu kulikuwa na madairekta waliowakimbia Wanazi kina Fritz Lang na Robert Siodmak, hao giza walishalizoea tangu Ujerumani wakalifanya ndo utamu wenyewe. Cheki Double Indemnity ya 1944, jua linapita kwenye yale mapazia ya vibao linamchora mhusika mkuu mistari kama yuko jela na hapo hata hajaua mtu. Ingekuwa ya rangi jicho lingekimbilia gauni la yule dada mwenye njama.

Mi nimelielewa hili nilipokuwa nashuti picha, ukitoa rangi kinachobaki ni mwanga na kivuli na sura ya mtu basi.

Ila sio zote, Leave Her to Heaven ya 1945 ni ya rangi na wengi wanaihesabu noir, tena ilibeba Oscar ya upigaji picha.