Mmoja Lamu, mwingine Malindi: bima ya safari ya pamoja inawafaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Langoni, Lamu. Rafiki yangu yuko Malindi. Mamake ndiye aliyeninyonyesha nilipokuwa mchanga, kwa hiyo sisi wawili tumekua tukijijua kuwa ndugu. Binti yake ameolewa Italia, karibu na Milano, na ametualika tukamtembelee kwa wiki tatu. Wiki mbili tutakaa kwake, na wiki ya mwisho tumepanga kwenda Roma tukae hotelini chumba kimoja. Mwenzangu ana presha na sukari. Wakala wa tiketi anatushauri tukate bima moja ya familia, anasema ndiyo rahisi. Je, ni sawa? Na mmoja wetu akiugua kabla ya siku ya kuondoka, yule mwingine atarudishiwa fedha zake? Amana ya tiketi na hoteli nimeilipa mimi yote kwa M-Pesa.

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu mambo mengi uliyoyataja bado yanaweza kurekebishwa. Msikate bima ya familia. Kila mmoja awe na hati yake, kwa jina lake na anwani yake. Lakini hati zote mbili zitoke kampuni moja, ziwe za mpango mmoja, na kila mmoja atajwe kwenye hati ya mwenzake kuwa ni msafiri mwenza. Nitakueleza kwa nini nasisitiza hivyo.

Mkataba wa bima una kurasa zinazoeleza maana ya maneno yaliyotumika ndani yake, na watu wengi huziruka. Ukizisoma utakuta familia imeelezwa kuwa ni mume, mke na watoto wao ambao hawajavuka umri fulani, na mikataba mingi inaongeza kwamba wawe wanaishi nyumba moja. Wewe uko Langoni, mwenzio yuko Malindi, na kila mmoja ana mji wake. Siku ya kununua hakuna atakayewauliza. Fomu itajazwa, fedha zitapokelewa, hati itatoka. Maswali huja siku ya kudai fidia, pale karani wa madai anapofungua faili akaweka vitambulisho viwili mbele yake na kukuta majina tofauti na makao tofauti. Hapo kampuni ina haki ya kusema kwamba mlijieleza visivyo tangu mwanzo, na wakala aliyewashauri hatakuwa mezani.

Najua udugu wa kunyonya si jambo dogo kwetu. Dini inautambua, na hata ndoa huzuiwa kwa ajili yake. Mkataba wa bima hauutambui. Wenyewe una orodha yake ya jamaa wa karibu: wazazi, watoto, ndugu wa damu, mume au mke, wakwe, mara nyingine babu na bibi. Hata binamu na shangazi mara nyingi hawamo. Kwa hiyo usitegemee kifungu cha jamaa. Mlango wenu ninyi ni kifungu cha msafiri mwenza, na si kila mpango unacho.

Upande wa viza hauna utata. Italia iko katika eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, na kanuni ya viza za muda mfupi inamtaka kila mwombaji awe na bima ya angalau euro 30,000 inayogharimia matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, na kurudishwa nyumbani akiwa mgonjwa au akifariki. Iwe inafanya kazi katika nchi zote hizo na kwa siku zote mtakazokuwa huko. Kila ombi la viza husimama peke yake, na kila mmoja ataambatisha cheti chenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Mtu mwingine anaweza kumnunulia mwombaji bima hiyo, hivyo yule binti wa Milano akitaka kuwalipia hakuna kosa. Ila ningependa mkate hapa nyumbani, ili siku ya madai mzungumze na watu mnaoweza kuwafikia na kwa lugha mnayoielewa.

Sasa tuje kwenye kuugua kabla ya safari, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha. Bima ya bei nafuu inayouzwa kwa ajili ya viza huwa ni bima ya matibabu. Kughairi safari ama hakumo kabisa, ama kumo kwa kiwango kidogo sana. Mwambie wakala akuonyeshe kifungu chenyewe na kiasi chake, asikujibu kwa mdomo.

Tuseme kifungu kimo. Tuseme pia chumba cha Roma ni shilingi 84,000 kwa siku saba, nusu kwa nusu, ambayo ni 42,000 kila mmoja. Mwenzio akalazwa siku chache kabla ya kuondoka, daktari akaandika kwamba hafai kusafiri. Hati yake yeye itamlipa tiketi yake na zile 42,000 zake, ikishatolewa sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo kila mwenye bima huibeba mwenyewe. Haitagusa hata senti yako. Bima hulipa hasara ya yule aliyetajwa kwenye hati, basi, hata kama fedha zote zilitoka mfuko mmoja.

Wewe je? Ukiamua kwenda peke yako, chumba bado ni 84,000. Ile nusu ya mwenzio utaijaza mwenyewe, isipokuwa mpango wako uwe na kifungu kinacholipa nyongeza ya kulala peke yako, na vifungu hivyo ni vichache. Ukiamua kubaki, utalipwa tu ikiwa mkataba wako unahesabu ugonjwa wa msafiri mwenza kuwa ni sababu halali ya kughairi, na ikiwa yeye anatimiza maana ya msafiri mwenza iliyoandikwa humo. Mingine hutaka awe ametajwa kwa jina. Mingine hutaka nafasi za ndege ziwe zimechukuliwa pamoja. Mingine hukubali tu yule ambaye bila yeye safari haiwezekani. Kuona huruma, au kutotaka kwenda bila mwandani wako, si sababu inayolipwa. Nayasema haya waziwazi kwa kuwa wengi huyagundua wakiwa tayari wana mgonjwa wa kumwangalia.

Kuna jambo lililojificha zaidi. Mwenzio ana presha na sukari. Karibu kila mkataba una masharti kuhusu maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kukata bima, na mara nyingi masharti hayo hayaishii kwa mwenye hati. Yanaweza kusema kwamba hata dai lako wewe, mzima, halitalipwa ikiwa chanzo chake ni maradhi ya zamani ya jamaa yako au ya msafiri mwenza wako. Yaani sukari ya mwenzio inaweza kufunga mlango wa dai lako ingawa damu yako haina tatizo. Dawa yake ni kueleza kila kitu. Yeye aandike kwenye fomu yake maradhi, dawa anazomeza na mara ya mwisho alipolazwa. Nawe uiulize kampuni kwa maandishi: endapo mwenzangu, ambaye amewaeleza maradhi haya, atashindwa kusafiri kwa sababu yake, dai langu litalipwa? Kampuni inaweza kuongeza ada kidogo, au ikakataa kifungu hicho. Heri mjue sasa. Kuficha ndiko kubaya kuliko yote, na ndiyo sababu nyingine ya kutotaka hati moja ya watu wawili, kwa kuwa uongo wa mmoja unaweza kuharibu hati nzima.

Hati mbili zina faida ya umri pia. Kampuni nyingi hupandisha ada au hupunguza kiwango cha matibabu mtu akishavuka miaka 65 au 70. Mkiwa tofauti, kila mmoja hulipa kwa umri wake.

Kuhusu viza kukataliwa, nitasema kwa msisitizo, kwa sababu hukuuliza na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mnaweza kuomba siku moja, na barua ileile ya mwaliko, mmoja akapata na mwingine akanyimwa. Kunyimwa viza kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa sababu ya kughairi. Aliyenyimwa halipwi tiketi yake, na aliyepata akiamua kubaki nyumbani kwa ajili ya mwenzake halipwi vilevile. Kampuni nyingi zitarudisha ada ya bima yenyewe ukiwapelekea barua ya kukataliwa kabla ya tarehe ya kuanza, pengine wakikata gharama ndogo. Ada ya viza, ambayo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudi. Kwa hiyo mwambie wakala awashikie nafasi za ndege bila kukata tiketi, na hoteli iwe ya aina inayoruhusu kughairi bila kutozwa hadi siku chache kabla. Ikiwa ile amana imeshapelekwa kwenye tiketi isiyorudishwa, mpigie leo umuulize kama inaweza kubadilishwa.

Na hiyo M-Pesa. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba wewe ulimtumia wakala fedha. Hauonyeshi tiketi ya nani wala chumba cha nani. Siku ya madai, mwenzio ataambiwa athibitishe kwamba alipata hasara, na karatasi zote zitakuwa na jina lako. Wakala atoe risiti mbili, kila moja ikitaja msafiri, kiasi cha tiketi na nusu ya chumba. Kisha mwenzio akurudishie sehemu yake kwa M-Pesa pia, ili ibaki alama kwamba fedha ni zake. Ikiwa umemlipia kama zawadi, muandikiane hivyo kwenye karatasi moja na kutia saini.

Kuishi mbalimbali kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni njia. Wewe utavuka kwa boti hadi Mokowe, upande basi kupitia Witu na Garsen, ndipo ufike Malindi. Yeye yuko dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Uliza bima yako inaanza wapi, ukitoka mlangoni au ukiondoka nchini, kwa kuwa mipango mingi huanzia pale unapotoka nchini. Basi likikwama njiani ukakosa ndege, mpango wa aina hiyo hautakulipa. Hata ule unaolipa utataka uthibitisho kutoka kwa wenye basi, na uonyeshe kwamba ulitoka na muda wa kutosha. Kisha mfikirie mwenzio aliyeketi Malindi akakungoja hadi ndege ikaruka. Yeye hakukwama. Ameamua kungoja, na dai lake ni gumu kuliko lako. Njoo Malindi siku mbili kabla, ulale kwake, muondoke pamoja. Hiyo itawakinga kuliko kifungu chochote.

Mkiwa Italia, mmoja akiugua ghafla, nambari ya dharura ni 112. Hali ikitulia kidogo, pigeni simu ya msaada iliyo kwenye cheti cha bima kabla ya kukubali gharama kubwa, kwa sababu kampuni hutaka kujua mapema, na kuchelewa kunaweza kupunguza malipo. Kila mmoja abebe nakala ya cheti cha mwenzake. Gharama za mtu wa kubaki na mgonjwa, kama chumba cha siku za ziada na kubadilisha tiketi, zikilipwa hutoka kwenye hati ya mgonjwa, si ya yule anayebaki, na huhitaji barua ya daktari. Someni kama kifungu hicho kinakubali rafiki au ni jamaa tu. Tena hospitali na kampuni haziwezi kumpa rafiki habari za mgonjwa bila idhini. Andikianeni idhini kabla hamjaondoka, na mumtaje binti wa Milano kuwa mtu wa kupigiwa simu, kwa kuwa anajua Kitaliano na yuko karibu.

Kabla ya kulipa, hakikisheni kampuni na wakala wana leseni ya mwaka huu kutoka IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya. Orodha iko kwenye tovuti yao. Na mkumbuke kuwa kwa sheria ya bima ya Kenya kampuni haibebi hatari kabla ya kupokea ada. Ahadi ya wakala kwamba mtalipa wiki ijayo na bima imeshaanza, msiikubali. Ikiwa mpango una kifungu cha kughairi, ununueni mapema, karibu na siku ya kulipa amana, kwa kuwa kughairi hulindwa kuanzia siku hati inapotoka, ilhali matibabu huanza tarehe ya safari.

Mwombe wakala akutumie mkataba mzima, si kijikaratasi cha matangazo. Tafuta kurasa tatu: ile ya maana ya maneno, ya kughairi, na ya maradhi ya zamani. Usipomkuta mwenzio kwenye kurasa hizo kwa maneno yanayomhusu, uliza mpango mwingine, na jibu lije kwa barua pepe ukiwa bado hujatuma fedha.