Kisima cha gesi kilichozalisha miaka mingi: kwa nini kipimwe upya?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi kijana hapa Mtwara mjini. Nasikia kwamba visima vya gesi vilivyozalisha kwa miaka mingi hushushiwa vifaa vya vipimo kwa mara nyingine, ilhali vilikwisha kupimwa vilipochimbwa. Ikiwa mwamba haubadiliki, kinachotafutwa ni nini? Na kifaa kinautambuaje mwamba ulio nyuma ya bomba la chuma na saruji?

Jibu: Marahaba. Umesema kweli kuhusu mwamba, kwani mchanga uliokuwapo siku kisima kilipochimbwa ndio uliopo leo. Kinachobadilika ni kile kilichojaa katika vinyweleo vyake, yaani vitundu vidogo vilivyo kati ya chembe za mwamba. Gesi inapotolewa, maji ya chumvi yaliyo chini yake huweza kupanda na kushika nafasi yake, wala hayapandi sawasawa, kwa kuwa hutangulia katika tabaka linalopitisha vizuri na kuiacha gesi katika tabaka gumu lililo jirani. Eneo la Songo Songo, wilayani Kilwa, liligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha mwaka 2004; la Mnazi Bay, hapa kwetu, liligunduliwa mwaka 1982. Katika maeneo ya umri huo, swali la gesi imebaki tabaka lipi lina uzito kuliko swali la kama gesi ipo.

Vipimo vya mwanzo hufanywa shimo likiwa wazi. Miale ya gama ya asili husaidia kutenga mchanga na mfinyanzi, na vipimo vya msongamano na vya nyutroni (chembe ndogo za ndani ya atomi) hukadiria ukubwa wa vinyweleo. Ukinzani wa umeme hutofautisha gesi na maji ya chumvi, na kwa mlinganyo ambao mhandisi Gus Archie aliuchapisha mwaka 1942 hukadiriwa sehemu ya vinyweleo iliyoshikwa na maji. Bomba likishasimikwa, vifaa vya kawaida vya ukinzani havifai tena, kwa sababu umeme hufuata chuma na kuuacha mwamba.

Hapo ndipo nyutroni zinapotufaa, kwa kuwa hazina chaji na hupenya chuma na saruji. Kifaa chembamba hushushwa kwa waya kupitia bomba la kutolea gesi, kikarusha nyutroni kwa mapigo mafupi, kisha kikapima jinsi zinavyofifia baada ya kila pigo. Klorini iliyomo katika chumvi huzinyonya haraka mno, ilhali gesi huzinyonya kidogo. Kwa vizio vinavyopima unyonyaji huo, kwatzi tupu, madini makuu ya mchanga, ina takriban 4, maji yasiyo na chumvi 22, na maji yaliyokolea chumvi huweza kupita 100. Kwa hiyo tabaka lililosoma kiwango cha chini katika kipimo cha nyutroni kilichotangulia na leo linasoma cha juu, huenda limeingiwa na maji.

Nasema huenda kwa makusudi. Mfinyanzi nao hunyonya nyutroni, na mgandamizo ukishuka gesi huwa nyepesi, hivyo usomaji hubadilika hata pale ambapo maji hayajafika. Tena kifaa hiki huona umbali mfupi tu nyuma ya bomba. Saruji ikiwa na ufa, maji yanayopita humo huweza kudhaniwa kuwa ni maji ya tabaka lenyewe. Ndiyo maana ni vyema kupima pia hali ya saruji, joto na mtiririko kisimani. Gesi inapoingia kisimani na kutanuka, mara nyingi hupoa, na mahali pa kuingilia huonekana katika mchoro wa joto.

Usidharau pia chupa ya maji inayokingwa juu ya ardhi. Maji yaliyotokana na mvuke wa gesi huwa karibu hayana chumvi, wakati maji ya mwamba kwa kawaida huwa nayo. Kiwango cha kloraidi kikipanda mwezi hadi mwezi, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuomba kipimo cha nyutroni.

Ukipewa nafasi ya kushiriki kazi hiyo, anza na karatasi za zamani. Linganisha mchoro wa gama wa mwanzo na wa sasa hadi vilele vyake vikae kina kimoja, kwa sababu ukikosea mita 2 katika tabaka la mchanga lenye unene wa mita 3, basi wakati wa kuziba maji huenda ukaziba sehemu yenye gesi na kuacha wazi ile inayoleta maji.