Mzee wa Santuri Anajibu: Usimfuate Mwimbaji

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Mjomba wangu ameniachia nyimbo zaidi ya mia mbili kwenye kompyuta, zote za bendi za dansi za jazz za Marekani na Uingereza, miaka ya 1920 na 1930. Nimezisikiliza jioni tatu mfululizo na nakiri nimeshindwa. Zinasikika kama zimepigwa ndani ya debe, zinafanana, na mwimbaji akiingia anaimba kidogo tu kisha anapotea moja kwa moja. Mjomba alikuwa anasikia nini humo?
*Mpwa wa Marehemu*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Kosa lako ni kumngojea mwimbaji. Santuri hizo zilitengenezwa kwa watu waliokuwa wamesimama, wameshikana viuno, wanacheza foksitroti. Mwimbaji aliitwa aimbe kiitikio, akishamaliza anarudi kitini, na mara nyingi hata jina lake halikuandikwa kwenye lebo. Al Bowlly, aliyezaliwa Lourenço Marques (ndiyo Maputo ya leo) na baadaye akauawa na bomu London mwaka 1941, alirekodi nyimbo chungu nzima na bendi ya Ray Noble mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mnunuzi alipata sauti yake, jina akalikosa. Basi mwache mwimbaji apite kama mgeni aliyekuja kusalimia.

Sasa hilo debe. Kabla hujalaumu chochote, tazama mwaka wa kurekodiwa. Mpaka 1925 santuri karibu zote zilirekodiwa bila maikrofoni. Bendi nzima ilijipanga mbele ya pembe kubwa la bati, sauti ikaingia humo, ikatikisa kiwambo chembamba, na kiwambo kikasukuma sindano iliyochora mfereji kwenye nta. Nguvu yote ilitoka kwenye mapafu na mikono ya wapigaji. Sauti nene za chini zilipotea njiani, na ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu ingeweza kuirusha sindano.

Kwa hiyo muziki unaousikia umekatwa kama nguo, ili uweze kupita kwenye tundu la pembe. Tafuta "Dippermouth Blues" ya King Oliver's Creole Jazz Band, iliyorekodiwa Aprili 1923 mjini Richmond, Indiana, katika studio ya Gennett iliyojengwa ubavuni mwa reli. Treni likipita, kazi inasimama. Mpiga ngoma Baby Dodds hakuruhusiwa kutumia ngoma zake zote, akabaki kugonga vipande vya mbao. Bill Johnson, ambaye kwa kawaida ndiye mpiga besi wa bendi hiyo, siku hiyo alishika banjo, maana besi isingesikika. Lil Hardin, aliyekuwa kwenye piano, alikuja kusimulia kwamba kijana Louis Armstrong alirudishwa nyuma kabisa, mbali na wenzake, kwa sababu koneti yake (ndugu mfupi wa tarumbeta) ilimfunika bosi wake Oliver. Ukishayajua hayo, lile debe linageuka chumba. Unaanza kusikia nani yuko karibu na nani yuko mlangoni.

Sisi tumezoea neno Jazz kwenye majina ya bendi za magitaa, na sikio letu linalitafuta gitaa. Humu gitaa lilichelewa. Kazi yake ilishikwa na banjo, na kazi ya besi mara nyingi ikashikwa na tuba, lile pembe kubwa la kupuliza lenye sauti nene, kwa kuwa hivyo viwili vilikuwa na ukali wa kupenya pembe. Maikrofoni ilipokuja 1925 havikuondoka siku ileile; mazoea ni kitu kigumu. Ila ukizisikiliza nyimbo za mjomba kwa kufuata miaka, utasikia sakafu ya dansi ikibadilishwa taratibu chini ya miguu yako.

Na hapo ndipo penye utamu. Wimbo mmoja usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata chini tu: tuba inakanyaga pigo la kwanza na la tatu, um-pa, um-pa, kama mzee anayepanda ngazi. Kisha weka "Moten Swing" ya bendi ya Bennie Moten, iliyorekodiwa Camden, New Jersey, Desemba 1932. Walter Page ameshika besi ya nyuzi na anatembea mapigo yote manne, Count Basie yuko kwenye piano, na bendi nzima inateleza. Kati ya santuri hiyo na ile ya King Oliver ipo miaka tisa tu! Mimi niliposikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza nilirudisha sindano mpaka jirani akagonga ukuta.

Mara ya pili sikiliza kuitikiana. Don Redman, aliyeipangia muziki bendi ya Fletcher Henderson pale ukumbi wa dansi wa Roseland, New York, aliwagawa wapigaji makundi: tarumbeta na tromboni zinauliza, saksafoni na klarineti zinajibu. Mara ya tatu ndipo umfuate mpigaji mmoja mmoja. Anza na Bubber Miley kwenye nyimbo za Duke Ellington za 1926 na 1927, anavyoiziba na kuifungua tarumbeta mpaka inanguruma kama mtu mwenye hasira na mafua kwa pamoja.

Jambo moja zaidi. Kama nakala za mjomba zimesafishwa na programu mpaka hazina mkwaruzo hata mmoja, tafuta nyingine. Anayeufuta mchakacho wote hufuta na matoazi, na pumzi ya mpiga klarineti. Huo mlio wa chumvi iliyotupwa motoni sikio lako litauzoea kwa dakika kumi.

SWALI: Mzee, nimepata santuri zenyewe, zile nzito za shelaki, kumi na nne. Zina vumbi na ukungu. Nizioshe kwa spiriti? Na naweza kuzipiga kwenye mashine yangu ya kawaida ya santuri?
*Mwenye Sanduku*

JIBU: Weka hiyo spiriti chini, tena mbali! Shelaki, ile gundi ya wadudu iliyotengenezea santuri za zamani, huyeyuka kwenye spiriti. Najua kwa sababu nilishaifanya kazi hiyo mwenyewe: pamba ilitoka nyeusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Kumbe ni muziki uliokuwa unatoka. Santuri hiyo ninayo bado, ina doa la kung'aa upande mmoja, na sindano ikifika pale inateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Tumia maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji tena) na tone la sabuni laini, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mfereji, lebo isiguswe na maji, kausha papo hapo. Ila ukikuta santuri ya Edison, nene karibu milimita 6, hiyo usiiloweshe kabisa.

Mashine yako itafaa kama ina kasi ya mizunguko 78 kwa dakika na ukiibadilishia sindano. Mfereji wa shelaki ni mpana. Sindano yake ina ncha ya mikroni 76 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati ya santuri za plastiki haifiki hata 26. Ile ndogo inazama mpaka chini kabisa ya mfereji, inakwangua uchafu, na wewe unasema santuri mbovu. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima.

SWALI: Napiga saksafoni na napenda kufuatisha santuri za zamani. Nyingine haziko kwenye ufunguo wowote: nikipanda ni juu, nikishuka ni chini. Walikuwa hawajui kutuni?
*Alto Mdogo*

JIBU: Walijua sana. Kasi ndiyo inayokudanganya. Hiyo 78 ilichukua muda kuwa kanuni. Wapo waliorekodi chini yake, na kampuni ya Columbia ilipenda 80. Santuri ya 80 ukiipiga kwa 78, sauti inashuka karibu nusu ya nusutoni, yaani unaangukia katikati ya vidole vyako. Tafuta mashine au programu yenye kurekebisha kasi, isogeze mpaka piano ikubaliane nawe. Ukipata funguo mbili zinazowezekana, chagua ile wanayoipenda wapuliza vyombo: Fa, Si bemoli, Mi bemoli. Klarineti ikianza kulia kama mwanambuzi, umepitiliza.