Kabla ya Kutaja Bei, Fungua Kabati la Mikataba

Huduma ya televisheni ya mtandaoni ikikiita kituo chenu mezani ili ionyeshe vipindi vyenu, usikimbilie bei. Kipindi mlichokirusha miaka kumi si lazima kiwe chenu kukiuza mtandaoni, kwa kuwa mikataba mingi ya zamani na waigizaji na wazalishaji ilitaja televisheni tu. Kila kipindi kijazie safu nne: mwenye haki, nchi, tarehe ya mwisho, na njia ya kuonyeshea (antena, setilaiti au intaneti). Safu hata moja ikibaki tupu, kipindi kisiingie kwenye orodha ya kumpelekea mshirika.

Muziki ndio unaoangusha wengi. Wimbo unaosikika sekunde kumi kwenye onyesho la baa unadai ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na ada ya mwaka mnayolipia kurusha hewani kwa kawaida haifiki mtandaoni. Kama karatasi hazipo, badilisha wimbo. Hapo ndipo wengi hukwama: kituo kimetunza mchanganyiko wa mwisho pekee (sauti zote zikiwa zimeunganishwa pamoja), na wimbo hautoki bila kuondoka na maneno ya waigizaji. Kwa kazi mpya, dai mazungumzo yahifadhiwe mbali na muziki na milio.

Nakala ya kurushia hewani pia haifai kupelekwa ilivyo. Ina nembo pembeni, mapengo ya matangazo, na ikiwa ni 1080i (picha ya televisheni inayotumwa kwa mistari ya kupishana) iliyogeuzwa vibaya, kingo za picha huota meno. Netflix hutaka sauti ya −27 LKFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), ikipimwa kwenye mazungumzo; kiwango cha utangazaji cha EBU R 128, cha umoja wa watangazaji wa Ulaya, ni −23 LUFS (kipimo kilekile kwa jina jingine), ikipimwa kwenye kipindi kizima. Kushusha desibeli nne hakutoshi, pima upya. Kilichorekodiwa fremu (picha) 25 kwa sekunde kiende na 25.

Kupeleka chaneli nzima ni kazi nyingine. Juni 2025 kampuni ya televisheni ya TF1 ya Ufaransa na Netflix walitangaza kwamba chaneli tano za TF1 na zaidi ya saa 30,000 za vipindi zitapatikana ndani ya Netflix nchini humo kuanzia kiangazi cha 2026. Kwenye mpango wa namna hiyo uliza nani anauza matangazo, na mechi isiyo na haki za intaneti itafunikwa na nini. Takwimu zitajwe ndani ya mkataba: dakika zilizotazamwa, kwa kila kipindi, kila mwezi. Mkataba ukisema “ripoti” tu, utaletewa chati ya asilimia isiyokusaidia kudai malipo.